Andika Nne, Beba Tano

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekamatwa nikiwa na jibu sahihi.

Kisa kilianza mchana, nikiwa macho. Mwalimu Kasyupa, anayetufundisha Hisabati darasa la tano, aliuliza tisini na tisa mara sita. Nikajibu mia tano tisini na nne kabla hajashusha chaki.

"Umepataje, Tumpe?"

"Mia mara sita, nikatoa sita."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Hakuna, mwalimu."

"Basi umekosa."

Akanisimamisha nyuma ya darasa mpaka kengele ikalia. Nikaapa kwamba mimi na Hisabati tumeachana.

Ndotoni ni darasa lile lile. Jibu limeketi juu ya meza ya mwalimu, limevaa sare, linatafuna karanga. Nalitambua mara moja: mia tano tisini na nne. Napita katikati ya madawati, nalishika mkono.

"Mwizi!" ubao unapiga kelele. "Njia yako iko wapi?"

"Nimepita hapo tu."

"Hapo wanapita watu. Hesabu ina njia yake."

Ubao unafunguka kama mlango. Nyuma yake kuna njia kweli, ya vumbi. Inapanda mlima, inazunguka mashamba ya chai, inashuka mtoni, halafu inarudi kwenye meza ile ile. Darasa zima limo njiani, mstari mmoja, na kila mtu amebeba tano kichwani.

"Tano za nini?" namwuliza rafiki yangu Subilaga, ambaye shingo yake imezama mabegani.

"Tano tupu. Sita mara tisa, hamsini na nne. Andika nne, beba tano. Tumebeba."

"Mnaitua wapi?"

"Hatukufika hapo. Kengele ililia."

"Jamani, karanga zinaisha!" Jibu linatuita kutoka mezani.

Sasa tuko mtoni, ingawa hakuna aliyeshuka mlima. Mbele yangu anatembea mtu mzima mwenye miwani, masharubu na kaptula ya shule. Ni Mwalimu Kasyupa. Tano yake ni ya zamani, imeota ukungu.

"Shikamoo, mwalimu. Umeibeba tangu lini?"

"Marahaba. Tangu darasa la tano. Mwalimu wetu alisema beba, kisha akahamishwa."

"Hukumwuliza aliyekuja baada yake?"

"Nilimwuliza. Akanisimamisha nyuma ya darasa."

Nilikuwa nimemwandalia mtu huyu maneno makali, tena kwa mpangilio mzuri. Sasa namwona anavyohema, miwani imeteleza hadi puani na hawezi kuirudisha kwa sababu mikono yote miwili imeshika mzigo. Namsogelea.

"Inama, mwalimu."

"Njia hairuhusu kuinama."

"Mwalimu, inama."

Anainama. Najitwika tano yake. Ni nzito kuliko ndoo ya maji, na ina ncha mbaya inayochoma utosini. Ukingoni mwa mto imekaa hamsini na nne nyingine, imechoka kusubiri. Naibwaga tano juu yake. Zinakuwa hamsini na tisa, zinaondoka bila kuaga.

"Kazi yake ilikuwa hiyo tu?" anauliza Mwalimu Kasyupa.

"Hiyo tu."

Anageuza shingo kushoto, kisha kulia. "Kumbe huku pembeni kuna miti," anasema. Anatazama kama kuna anayesikia, halafu ananong'ona, "Ile ya mia mara sita, unatoa sita. Inafika kweli?"

"Inafika, mwalimu. Hata viatu havichafuki."

"Mwizi! Mwizi!" ubao unapiga kelele. "Sasa wako wawili!"

Mwalimu anatoa kitambaa mfukoni, anaufuta.

Nikaamka. Kumekucha, na Mama alikuwa ameinama juu yangu na chanuo mkononi, akinishangaa kichwa.

"We Tumpe, umelalia nini? Hebu jishike hapa utosini. Nywele zimelala zikaandika tano."

Nikajishika. Ilikuwepo, na mkia wake, na kikofia chake juu. Mama akalowesha kiganja ili azinyooshe. Nikamzuia mkono.

"Ziache hivyo hivyo, Mama. Kuna mtu shuleni ataitambua."