Upande Mkavu wa Mzabibu

Restuta alimwaga vichwa vya kuchongea juu ya meza ya duka la Munir, akavitenga kwa kidole kama anayechambua mchele. Vilikuwa vyuma vidogo vya mtumba, vya kufunga kwenye mashine ya umeme ya mkononi. Tangu serikali iruhusu biashara huria, Munir aliuza chochote kilichoshushwa kwenye lori.

"Chukua hiki, Mama Seth," alisema Munir, akiinua kimoja chenye meno makubwa. "Kinatafuna mninga, sembuse mzabibu!"

"Ndiyo maana sikitaki. Mzabibu una nyuzi. Meno hayo yatazidaka na kuivutia mashine kwenye gome."

"Basi hiki cha almasi, laini kabisa."

"Hicho cha mawe. Kwenye mti kinajaa unga, kinaunguza."

"Hee! Kuchagua mchumba ni rahisi zaidi."

"Mchumba ukikosea unamrudisha kwao."

Yeye mzabibu wake hakuwa na pa kuurudisha. Shina lake alilichimbua siku mizabibu ya shamba la umma, alikokuwa mtaalamu wa bustani, ilipong'olewa na mnunuzi mpya. Sasa lilikaa kwenye sinia la udongo nyumbani kwake Mkonze, likilelewa kwa mtindo wa bonsai aliousomea Japani: mti mzee katika kimo cha mche. Sehemu kubwa ilikuwa imekauka, na hiyo ndiyo aliyotaka kuichonga ionyeshe uzee wake. Tawi moja tu lilikuwa na majani, nalo lililishwa na ukanda wa gome mwembamba kama kidole, uliojiviringisha juu ya ule mti mkavu. Kichwa cha mashine kikiugusa ukanda huo, basi, mti umekwisha.

Mwenyekiti wa wakulima wa zabibu, mzee Bartolomayo, alikuwa hapo akinunua waya. Akaguna.

"Mkavu hukatwa ukachomwa, mama. Kila mpogoaji anajua. Ukileta maiti kwenye banda letu la maonyesho ya Nanenane, nitaikata mwenyewe, watu wakiona."

"Noa mkasi, mzee," alisema Restuta, akachagua kichwa chembamba chenye umbo la mwali wa mshumaa na meno madogo.

Nyumbani aliishika mashine kwa mikono miwili, akafuata nyuzi za mti, kila mara akielekea mbali na gome. Alichonga mifereji pembeni kabisa mwa ule ukanda, kama iliyochimbwa na upepo wa kiangazi. Kisha akaupaka mkavu dawa ya chokaa na salfa, ukawa mweupe kama mfupa.

Siku ya maonyesho, katika viwanja vya Nzuguni, Bartolomayo alifika na mkasi wake wa kupogolea.

"Kata, mzee," alisema Restuta. "Ila nionyeshe kwanza utakatia wapi."

Bartolomayo akaweka mkasi juu. Gome hai la kahawia lilipita hapo. Akashusha, likapita na hapo. Akalizungusha sinia, akainama mpaka kofia ikamdondoka.

"Kata basi, mwenyekiti!" mtu alimtania. "Au mkasi umeshika kutu?"

Akautia mkasi mfukoni. "Huu ni ukaidi tu."

"Ni ukaidi, ndiyo," alisema Restuta, akaligeuza sinia ili upande mkavu uutazame mlango wa kuingilia wageni.