Kichaka Nyuma ya Chumba cha Kufulia

Msimamizi wa hospitali yetu huita watu kwa mluzi, kana kwamba hatuna majina. Mmoja mrefu, miwili mifupi, basi sisi wafuaji tunaacha mashuka tunakwenda kula. Ndege wa kichaka cha nyuma akajifunza mluzi huo.

Ni ndege mdogo wa kahawia, kifua rangi ya chungwa, mwoga wa kutupwa. Hushinda ndani kabisa akichakura majani makavu, wala harudi kiotani kwa kuruka. Hutua mbali, kisha hunyata chini kwa chini hadi kwa makinda yake. Lakini koo analo. Saa nne asubuhi, muda wa kula bado, alipiga mluzi ule ule, sote tukaenda kula. Siku ya tatu msimamizi alitukuta mezani, akapandwa na hasira.

"Kichaka kikatwe leo," alimwambia mtunza bustani.

"Kina makinda watatu," nikasema. "Wameanza kuota manyoya. Tupe wiki moja, bosi."

"Mama, mimi nishindane na ndege?"

"Umeshashindwa, ndiyo maana unataka panga."

Wenzangu waliinamisha vichwa. Mimi nilikuwa nimechoka kuitwa kama mbwa.

Mlangoni kwetu kuna tangazo lenye saini yake mwenyewe: mashuka yaliyofuliwa yasiguswe na yeyote asiye wa chumba cha kufulia. Nikafunga kamba kukizunguka kichaka, nikaanika mashuka ya wodi nzima, chini nikaacha upenyo wa mama wa makinda kupita. Mtunza bustani alikuja na panga, akalisoma tangazo, akaenda zake akicheka. Yaliyokauka niliyaanua, nikatundika mabichi, kila siku.

Alhamisi nikaletewa barua: kuanzia Jumatatu nihamie kusafisha vyoo. Iliniuma, sitaficha, miaka kumi na tisa nimefua pale. Niliikunja nikaitia mfukoni, nikaendelea kuanika.

Jumamosi asubuhi makinda walitoka, mmoja mmoja, wakarukaruka hadi kwenye miti ya ng'ambo ya ukuta. Nilingoja hadi mama yao naye akawafuata. Ndipo nikafungua kamba, nikamwita mtunza bustani akate.

Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Haya, mama. Kazi ya kufua umepoteza, kichaka kinakatwa. Umepata nini?"

"Watatu," nikamjibu.