Maua Yasiyosubiri Mtihani

Mwalimu wa baiolojia alikuwa amepiga magoti kwenye mteremko nyuma ya shule, sketi imelowa umande, anapekua vichaka vya marejea kimoja baada ya kingine kama mtu aliyeangusha hereni. Kila tawi aliloshika lilikuwa na maganda makavu ya mbegu tu.

"Jamani, hata moja?" alisema peke yake.

Ilikuwa asubuhi ya mtihani wa vitendo, na baraza la mitihani lilitaka kila mtahiniwa awekewe mezani ua moja la marejea. Zamani hilo halikuwa jambo. Alipoanza kufundisha hapa, mwezi wa mtihani mteremko wote uligeuka njano. Kisha joto likaanza kuwahi, na mmea wa porini haungoji kuambiwa. Ukilihisi joto unachanua, basi. Kila mwaka maua yakazidi kuwahi. Mwaka jana aliyafuata mpaka juu kabisa, kwenye ubaridi, akarudi na nusu ndoo. Mwaka huu na huko juu yalishapukutika.

Kilichomchoma moyo si marejea. Maua yalipotoka mwaka huu alikwenda mbio kwa mhasibu wa shule kuomba spiriti ya kuyahifadhi, maana baraza lilikuwa na mazoea ya kuyauliza.

"Fungu la mitihani linatoka mwezi wa mitihani, dada," mhasibu alimjibu, macho kwenye simu.

"Lakini maua yametoka sasa."

"Basi yaambie yasubiri." Akacheka mwenyewe.

Aliporudi kutoka mlimani, msimamizi aliyeletwa na baraza alikuwa kashasimama mlangoni pa maabara, kitambulisho kinaning'inia shingoni.

"Mwalimu, maua yako wapi?"

"Yameshapita. Yamebaki maganda. Ila mpishi wetu ana kunde bustanini, zimechanua vizuri. Ni jamii moja na marejea, watoto wataona sehemu zile zile."

"Swali linasema marejea."

"Nimekwambia hayapo, kaka yangu."

"Shule ya jirani wanayo. Nimeyaona kwenye chupa za spiriti, mazuri kabisa." Akaangalia saa. "Weka ulichonacho, alimradi kiwe marejea."

Mwalimu akapiga simu baraza. Ikaita, ikakatika, akapiga tena. Sauti ya mwanamke ikamwambia kwamba swali lilitungwa mwaka juzi.

"Na mwaka juzi niliwapigia nikawaambia maua yanawahi!"

"Ilipokelewa, mwalimu. Msikilize msimamizi wako."

Basi akapanga maganda mezani, moja kwa kila mtahiniwa, kisha akatolewa nje kama sheria inavyotaka. Akasimama chini ya dirisha, kucha mdomoni. Muda si mrefu akasikia sauti ya binti wa fundi cherehani, mwanafunzi wake hodari.

"Samahani, ua liko wapi?"

"Soma swali, binti. Hapa hatujibizani."

Kengele ilipolia, wanafunzi walimwagika uani. Binti akamjia moja kwa moja.

"Shikamoo mwalimu. Wenzangu wamechora ua la kitabuni, na rangi wakapaka. Mimi nimechora ganda. Nikaandika ua lilishapita, hili ni tunda. Nimekosea?"

"Marahaba. Hujakosea hata kidogo."

Binti akatabasamu. Mwalimu hakupata muda wa kuongeza neno. Mkuu wa shule alikuwa anamwita kwa mkono.

Ofisini msimamizi alimsogezea karatasi. Iliandikwa kwamba kila mtahiniwa alipewa ua la marejea lililokamilika. Palihitajika sahihi yake tu.

"Huu ni uongo," alisema mwalimu.

"Usiposaini nitaandika kwamba shule haikuandaa mtihani. Matokeo ya darasa zima yatazuiwa."

"Ya darasa zima? Kwa sababu joto limewahi?"

"Mimi sijui habari za joto, mama. Mimi nasimamia mtihani."

Mkuu wa shule alijifuta jasho shingoni. "Mwalimu, nakuomba. Wazazi watatula wabichi. Hawa watoto watakwenda wapi?"

Alimtazama mkuu, akamtazama msimamizi, akatafuta mtu wa kumfokea asimwone. Akachukua kalamu akasaini, kwa nguvu hata karatasi ikatoboka. Msimamizi akaikunja akaitia kwenye bahasha, akauliza kama kuna chai.

Nje, binti alikuwa bado anangoja.

"Mwalimu, kwa hiyo lile swali watanipa maksi zote?"

Angeweza kumdanganya. Midomo ilikuwa tayari.

"Hapana," alisema. "Hawatakupa hata moja. Kwa karatasi zao, mezani kwako palikuwa na ua."

"Nani kawaambia palikuwa na ua?"

"Mimi. Nimetia sahihi."

Binti akamkodolea macho, akihema kama aliyetoka kukimbia.

"Si wewe uliyetufundisha tuchore tunachokiona?"

"Ni mimi."

"Sasa ungetuambia mapema kwamba mtihani ni kitu kingine!" Akazungusha begi begani, akaondoka kuwafuata wenzake waliokuwa langoni wakilinganisha majibu, na safari hii hakumuaga mwalimu wake.