Shokapu za Abiria

Pikipiki ilikaa sebuleni, imefunikwa shuka la maua, na mshonaji alikuwa ameizoea hivyo kiasi kwamba mgeni akiiulizia, ilimchukua muda kujua anaulizwa nini. Wageni wenyewe hawakuwa wengi. Tangu mumewe afariki, mlango wake uligongwa na wateja waliofuata sare za shule, na wifi yake, dada wa marehemu, ambaye mdomo wake haukuwa na breki.

"Wifi, nimekupatia mteja," alisema siku hiyo hata kabla hajakaa. "Mwenye hoteli. Anataka aiweke pale mapokezi, watu wapige nayo picha. Wewe umelaza chuma sebuleni kama mgonjwa, hata pa kupitisha stuli hakuna."

"Siuzi. Nitaiendesha."

Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe? Miaka yote umekaa nyuma, tena upande, pochi mapajani. Haya. Siku utakayofika mlangoni kwangu umeiendesha mwenyewe, neno kuuza halinitoki tena. Ukishindwa, mwenye hoteli anaichukua kabla mwezi haujaisha."

Wakakubaliana. Mshonaji akafunga mlango. Tuseme ukweli: hakuwa na hamu hivyo ya kuendesha. Alichokiogopa ni kuamka siku moja akute sebule ina nafasi.

Kuendesha alishafundishwa na fundi, rafiki wa marehemu, kwenye uwanja wa nyuma ya gereji, kwa pikipiki ndogo ya fundi mwenyewe. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache na grisi isiyotoka kwa sabuni yoyote, na ndiye pekee aliyebaki anayemwita shemeji. Wengine wote walishahamia kwenye mama na bibi. Kila alipolisikia neno lile alijiona bado ni mke wa mtu, hata kama ni kwa muda wa kumpokeza mwenzake spana.

Waliikokota pikipiki ya marehemu mpaka gereji. Ilikuwa ya zamani, ya umri wa kuwa na wajukuu, lakini injini yake ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa nyuma. Fundi alizifungua zile shokapu mbili zinazobeba kiti, akazilaza sakafuni. Zote zilikuwa zimemwaga mafuta, ila ya kushoto ilikuwa imenywea zaidi ya mwenzake.

"Unaiona hii?" akasema. "Hii ni wewe, shemeji. Unakaa upande, miguu yote kushoto. Umeikalia mpaka imenyoosha mikono."

Mshonaji akaigusa ile ya kushoto kwa kidole. Barabarani mumewe hakuwa na jina jingine la kumwita ila abiria. Kila shimo alisema, "Pole, abiria," na mashimo hayakuwa haba, kwa hiyo alipewa pole njia nzima, kutoka nyumbani mpaka sokoni. Wakifika, yeye akishika kiuno, mume alirudia ahadi ile ile: "Nikijaliwa nitaweka shokapu nzuri, zile nene, mgongo wako upumzike." Aliisema ahadi hiyo tangu ana nywele nyeusi. Hakuziweka, maana kila mara palikuwa na jambo la kutangulia: paa, ada za watoto, na mwisho ugonjwa wake.

Kwenye duka la vipuri waliingia pamoja. Muuzaji alisikiliza, akapanda ngazi, akashuka na maboksi mawili yenye vumbi.

"Za kiwandani kwake hazitengenezwi tena," alisema. "Ila hizi zinaingia bila taabu. Hizi za springi nene zinabeba watu wawili na mzigo wao. Hizi laini ni za mtu mmoja mwepesi. Inategemea nani anapanda. Abiria ni nani?"

"Mimi," mshonaji alijibu bila kufikiri.

"Na dereva?"

Fundi akachukua kopo la oili, akaanza kulisoma kwa bidii kama lina habari za nyumbani kwao.

"Dereva ni mimi pia."

Muuzaji akatabasamu. "Basi mama una kazi, kushuka mbele na kupanda nyuma."

Alikuwa anatania tu, hana kosa. Mshonaji naye akacheka kwa adabu, kisha akaweka mkono juu ya boksi la springi nene. "Nipe hizi."

"Shemeji," fundi akasema polepole, "hizo ni ndefu na ni ngumu. Wewe peke yako hutazilaza. Kiti kitapanda juu, miguu isifike chini."

"Nimesema hizi."

Mchana huo huo fundi akazifunga, na zilipendeza, tusizinyime haki yao: nyeusi, springi zinang'aa, pikipiki imenyooka nyuma kama suruali iliyotoka kwenye pasi. Mshonaji akapiga moyo konde, akapanda mbele. Kiti hakikushuka hata kidogo. Akatafuta ardhi kwa mguu wa kushoto, ncha ya kiatu ikagusa vumbi tu. Akatafuta kwa wa kulia, pikipiki ikaanza kulala naye. Fundi aliidaka kwa mikono miwili kabla haijamwangukia.

Alishuka akakaa juu ya tairi kuukuu. "Ndizo alizokuwa ananiahidi," alisema. "Hizi hizi. Nilidhani nikizifunga..."

Hakumalizia, maana aliona mwenyewe sentensi ile inakoelekea. Alidhani akizifunga watakuwa wawili tena. Na kiti cha nyuma hakikuwahi kukosa mtu, mtu wake alikuwa yeye. Aliyekosekana ni wa mbele, na huyo haletwi na springi.

Fundi alijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko grisi iliyokuwepo. "Muuzaji atatubadilishia, bado mpya. Zile laini zitashuka ukikaa, utakanyaga chini vizuri, na kwa wifi yako utafika. Ila zile hazitaki mtu wa pili, shemeji."

"Sina wa kumpakia."

Alilisema kama mtu anayesema chumvi imeisha. Kisha akainuka, akakung'uta sketi. "Zitoe. Ila kabla hujazitoa, nipakie. Mpaka sokoni na kurudi."

Fundi akapanda, akawasha. Mshonaji akakaa upande, miguu yote kushoto, pochi mapajani. Mkono wake wa kulia uliondoka wenyewe kwenda kukizunguka kiuno cha dereva. Akauzuia njiani, akashika chuma cha kiti.

Walipita duka la dawa, wakapita kinyozi, na mbele ya bucha shimo lilikuwa likiwasubiri, lile ambalo kila uongozi mpya huja kulipiga picha na kuliacha. Mshonaji alilijua kwa uti wa mgongo. Akakaza meno, akafumba macho.

Springi zikashuka, zikapanda, taratibu. Mgongo haukuuma. Mumewe hakumdanganya, zilikuwa shokapu nzuri.

Akaendelea kusubiri. Bucha ilikuwa imebaki nyuma, na duka la viatu nalo likapita, ndipo akatambua anachokisubiri. Fundi aliangalia barabara yake. Angesema nini? Hakuna aliyeumia, na pole hapewi mtu asiyeumia.

"Turudi," alisema kwenye ule mgongo usio wa mumewe. "Turudi ukazitoe."

Jumapili iliyofuata alienda kwa wifi yake, peke yake, juu ya zile laini. Kiti kilishuka alipokikalia, miguu yote miwili ikakanyaga chini. Alienda pole pole, mpaka baiskeli zikampita. Kwenye shimo la bucha alichelewa kulikwepa, gurudumu la nyuma likaingia lote, na mshtuko ukampanda mpaka shingoni.

"Pole, abiria," akasema kwa sauti.

Alibaki analia kimya kimya mpaka mwisho wa barabara, ingawa hakupunguza mwendo, maana akipunguza zaidi ingezima.

Wifi alikuwa kibarazani, ameshika ufagio. Aliuona uso ule ulivyolowa, akashuka ngazi mbio. "Umeanguka?"

"Sijaanguka."

"Sasa unalilia nini, na umeshinda?"

"Shimo la bucha," mshonaji akasema. "Nimemrusha abiria."

Wifi akakitazama kile kiti cha nyuma, kitupu. Marehemu alikuwa kaka yake, na neno abiria alilisikia kwake miaka yote. Mdomo wake, kwa mara ya kwanza, ukashika breki, akaulaza ufagio chini na kumsaidia kuisimamisha pikipiki.