Uso wa Baba Kevin

Siku walipomzika Kevin huko Moiben, Mzee Kipyego alisimama kando ya kaburi la mwanawe wa pekee na uso wake haukubadilika hata kidogo. Hakulia wala hakuinamisha kichwa. Shemeji yake Lazarus aliyaona hayo, na kabla waombolezaji hawajamaliza kunywa chai, maneno yalikuwa yameshaenea kwamba mzee ana moyo wa jiwe.

Jeruto, mkewe, aliyasikia. Moyoni alikubaliana nayo. Kipyego aliyemwoa alikuwa mtu wa kucheka hadi majirani wasikie. Mtu huyo alikuwa ametoweka polepole. Kwanza mkono ulianza kutetemeka, sauti ikashuka, halafu uso ukakauka. Na baada ya mazishi alianza kushinda kwenye boma la ng'ombe, akipelekewa chakula huko huko.

Daktari aliyemtibu mtetemeko mjini Eldoret ndiye aliyewatuma kwa Idil, mwanasaikolojia kijana, binti wa wauza vitambaa wa mjini humo. Idil aliwaeleza kwamba ugonjwa wa Parkinson, ule uliomtetemesha Mzee mkono, unaweza kuufunga uso wa mtu usionyeshe yaliyo moyoni. Alitaka kupima mambo mawili: jinsi Mzee anavyoonyesha hisia zake, na jinsi anavyozisoma za wengine.

Alimwomba asimulie siku ya huzuni huku kamera ikimrekodi. Kipyego akaeleza, kwa sauti ya chini, jinsi alivyomfundisha Kevin kuendesha trekta, na jinsi alivyoenda peke yake mochari kumtambua baada ya ajali. Alifika mahali akanyamaza, akaanza tena, akashindwa. Muda wote huo uso haukusogea. Jeruto, aliyeketi nyuma yake, alikuwa hajawahi kusikia lolote kuhusu siku ile ya mochari.

Kisha Idil akamwonyesha picha za nyuso, moja baada ya nyingine. Waliofurahi aliwatambua bila shida. Alipofikia picha ya mama mwenye huzuni alisita, kisha akasema mama huyo amekasirika. Akaonyeshwa mwingine mwenye huzuni, na jibu likawa lile lile.

Idil aliziweka picha kando, akamwomba Jeruto ahamie kiti cha mbele.

"Mzee, mwangalie mama. Unaona nini?"

Kipyego alimtazama mkewe kwa muda mrefu. Jeruto hakuwa analia. Alikuwa ameshachoka kulia.

"Amenikasirikia," akasema. "Tangu tumzike kijana. Ndiyo maana nikatoka, nikamwachia nyumba."

Jeruto alishika ukingo wa meza. "Sijakasirika, Baba Kevin. Nina uchungu. Nilikuwa nangoja uje ukae na mimi."

"Hata mimi nina uchungu," Kipyego akasema. "Nilifikiri unaona."

Idil hakuwaficha kitu. Alisema huenda ugonjwa huo huo ndio unaomfanya Mzee asome huzuni kama hasira; dawa zinaweza kupunguza mtetemeko, lakini huenda uso usirudi kama zamani, na ugonjwa wenyewe utaendelea. Kuanzia sasa, kila mmoja angelazimika kumwambia mwenzake kwa mdomo yale ambayo zamani uso ulitosha kuyasema.

Haikuwa rahisi. Hawakulelewa kuzungumza mambo ya moyo, na siku nyingi walikaa kimya wakitafuta pa kuanzia. Jeruto alijaribu kumweleza kaka yake Lazarus. Lazarus akasema ugonjwa wa mkono hauwezi kumzuia mtu kumlilia mwanawe. Jeruto alieleza tena, kisha akaacha.

Lakini Kipyego alirudi kula mezani. Na jioni moja, Jeruto akijiandaa kukamua, mumewe alimfuata hadi bomani, akasimama karibu naye.

"Leo nimemkumbuka sana," akasema.

Jeruto aliweka ndoo chini. Wakaketi kwenye gogo wakizungumza habari za Kevin, mpaka ng'ombe wakaanza kulia kudai kukamuliwa.