Pumzi ya Mama Kamanda

Nimepiga kinanda kwa kwaya nyingi, za walevi na za walokole, lakini sijaona watu wanaohitaji kuimba kama wale wake wa askari. Waume walipokuwa vitani, wanawake hao walikutana kila Alhamisi kwenye bwalo la kambi, wakasukuma meza ukutani, wakaimba mpaka mabega yakalegea. Mke wa sajini mmoja, fundi cherehani tuliyemwita Fundi, aliniambia wazi: "Mzee, hii kwaya ikifa, mimi naokota makopo."

Wimbo wa kuwapokea wanaume ulikuwa na noti moja ndefu, ya juu kabisa, na mwimbaji wake alikuwa Mama Kamanda, mke wa mkuu wa kambi. Kwaya nzima ilijua kuwa pumzi zake ni fupi. Fundi alisimama nyuma yake, na yule akiishiwa tu, anaidaka noti, husikii hata pa kuungia. Kwaya ndivyo zinavyoenda, mmoja anavuta pumzi, mwingine anamshikia. Makofi alipigiwa Mama Kamanda.

Siku moja wenzake wakasema noti ile apewe Fundi mwenyewe. Mama Kamanda akacheka. "Sawa tu, jamani. Tutaona."

Wiki haikuisha, sajini akaacha kupokea simu za mkewe. Mwisho ukaja ujumbe: Endelea kuwapima suruali hao wanaume wako. Nikirudi nachukua watoto.

Mke wa dereva, ambaye mumewe alikuwa kikosi kimoja na sajini, ndiye aliyetuletea habari nzima. Mama Kamanda alimwambia mumewe kwenye simu kwamba Fundi anapima wateja wa kiume huku mlango umefungwa. Kamanda naye akampa sajini pole mbele ya kikosi.

"Mlango naufunga kwa ajili ya vumbi," Fundi alisema. "Vitambaa vya watu vile."

"Tumkung'ute?" aliuliza mke wa dereva. "Viatu navua sasa hivi."

"Acha, shoga. Akiguswa atalia, atahurumiwa. Mimi nataka abaki peke yake."

Tangu hapo Fundi alimwachia Mama Kamanda noti ile, akaimba nyuma yake kuliko siku zote. "Dada, leo umeitoa sauti!" alimwambia Mama Kamanda kila mazoezi, na yule mama akazidi kuvimba kichwa.

Siku ya mapokezi uwanja ulijaa. Kamanda mbele, askari wamejipanga, sajini safu ya pili anaangalia buti zake. Tukaanza. Noti ikafika. Mama Kamanda akaipanda, mkono mmoja hewani, akaishiwa, akasubiri kudakwa.

Kimya. Safu nzima ya nyuma ilikuwa imefunga midomo, nami nikaondoa vidole. Sauti ikamkatikia kwenye kipaza kama kuku aliyekabwa. Askari mmoja akaangua kicheko.

Mama Kamanda aligeuka, jasho linamtoka. "Fundi, niokoe."

"Mwambie mume wangu."

"Baadaye, mdogo wangu. Nakuomba."

"Kipaza kiko mkononi mwako, dada."

Akajaribu tena, safari hii ikakatika mapema zaidi. Akamtazama mke mmoja baada ya mwingine, wote wanamkodolea macho tu. Sikumwonea huruma hata chembe.

"Sajini," alisema kwa sauti ndogo, "ile habari ya mkeo niliitunga mimi."

"Huku nyuma hatujasikia!" akapayuka mke wa dereva.

Akairudia. Kamanda akatazama pembeni.

Kisha Mama Kamanda akamkabidhi Fundi kipaza, nadhani akitegemea kusamehewa. Fundi alikipokea, akamwonyesha safu ya nyuma kwa kidevu. Akaanza ubeti upya, wenzake wakaingia, na noti ilipofika aliipeleka mwenyewe huku wao wakimshikia pumzi. Mama Kamanda alifungua mdomo mara mbili tatu, akaufunga.

Sajini akatoka kwenye mstari bila ruhusa, akaja hadi mbele yetu, kofia mkononi.

"Mama watoto," alisema. "Mimi..."

Fundi alinipa ishara ya kidole, nisiache kupiga.

"Simama hapo hapo juani, baba watoto. Zimebaki beti nne."

Zilikuwa zimebaki mbili. Nikapiga nne.