Sijalipwa

Tuanze na lile bango la mbegu ya mahindi, maana ndilo lililowaudhi vijana wa Katumba kwanza. Lilisimamishwa kando ya barabara ya kwenda Mpanda, na juu yake mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi amekumbatia hindi utadhani mtoto mchanga. Viatu vyake vyeupe. Vyeupe, shambani, katikati ya masika. Redioni nako kulikuwa na sauti nzito ya mtu ambaye jani la mhindi halijawahi kumkata mkono, ikisema mbegu hiyo ni mkombozi wa mkulima. Vijana walicheka wakapita zao, na pakiti zikala vumbi dukani.

Emelyne alinunua pakiti moja kwa sababu zilikuwa zimeshushwa bei. Akaipanda nyuma ya nyumba yao, mahali palipokuwa na zizi la mbuzi la marehemu babu yake. Mahindi yakatoka ya kutisha. Akasimama katikati yake, kitenge kiunoni, matope mpaka magotini, akajirekodi kwa simu yake mwenyewe: "Mimi Emelyne wa hapa Katumba. Sijalipwa na mtu. Mahindi ndiyo haya, mnayaona kwa macho." Katikati ya maneno jogoo akawika. Hakurudia, akaiweka status hivyo hivyo.

Basi klipu ikatembea. Ikafika Kasokola, ikafika Sitalike, na waliolicheka bango wakaanza kuuliza mbegu ya yule binti wa jogoo. Wa kwanza kumpigia alikuwa Lidia, rafiki yake wa kijiji cha jirani, aliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza.

"Yule wa kwenye bango simjui," Lidia alisema. "Wewe nakujua. Ungekuwa unadanganya ningesikia kwenye sauti."

Sasa, kwao Lidia kulikuwa na mbegu. Mama yake, Gaudiose, alikuwa na mahindi ya kienyeji yaliyoning'inia juu ya mafiga, meusi kwa moshi. Uzao wake ulitoka Burundi mwaka sabini na mbili, umefungwa kwenye pindo la nguo ya bibi yake Lidia. Kila msimu yalichaguliwa ya kurudishwa pale juu, na hata mwaka wa njaa hakuna aliyethubutu kuyagusa. Lidia alibishana na mama yake wiki nzima. Alimwonyesha klipu mara ngapi sijui. Mwisho mama akachoka. Wakapanda shamba lote mbegu ya pakiti, na yale ya kwenye moshi, kwa kuwa hayakuwa na kazi tena, wakayapikia makande.

Januari mvua ikakata wiki tatu. Shamba la Lidia halikuwa na mavi ya mbuzi chini yake. Mahindi yakawa ya njano, halafu yakabeba visuke vya ukubwa wa kidole, na si yake peke yake. Emelyne hakuficha habari za zizi. Lilibomolewa akiwa darasa la tatu, hata hakulikumbuka. Lakini nenda kamwambie hivyo mtu ambaye hana cha kuvuna.

Na wenye mbegu hawakulala. Bila kumuuliza mtu, waliichukua ile sauti wakaiweka kwenye gari la matangazo, jogoo na kila kitu, wakawa wanazunguka nayo siku za mnada.

Lidia alikuja bila hodi.

"Ulisema sijalipwa," alisema.

"Eeh. Sijalipwa."

"Mwalimu Sylvanus alitufundisha nini? Sikula, basi, nimelala njaa. Sijala, niwekee, nakuja. Wewe ulisema sijalipwa. Ulikuwa unasubiri."

Emelyne alicheka, na hapo alikosea. Huku kwetu nani anatofautisha? Sijaenda jana, sijamwona juzi, ndivyo tunavyoongea wote, Lidia akiwemo. Lakini Lidia hakucheka.

"Gari linapita na sauti yako kila mnada. Unataka niamini mpaka leo bado?"

"Lidia, sijalipwa," Emelyne alisema, akalisikia lile neno likimtoka tena, na aibu ikamshika kama mwizi. Rafiki yake akageuka akaondoka.

Emelyne hakupata usingizi wala hamu ya kula. Kilichomuuma hakikuwa watu. Alitaka Lidia aamini, Lidia tu, wengine waseme watakavyo. Akaoga, akavaa blauzi safi kwa heshima, akayaandika maneno kwenye karatasi ili asiteleze tena. Akasimama palipokuwa zizi akajirekodi tena: "Mimi ni Emelyne. Sikulipwa na mtu yeyote. Mahindi yale yalistawi kwa sababu ya mbolea ya mbuzi. Nawaomba radhi." Alirudia mara nne mpaka klipu ikanyooka, ndipo akaiweka status.

Majibu yakaja chapuchapu. Kampuni gani safari hii? Anasoma huyu, mwangalieni macho. Dada kavaa ya Jumapili. Maskini, bila kujua alikuwa amepanda mwenyewe juu ya bango.

Lidia alijibu siku ya tatu: "Nimeiangalia mara mbili. Huyo siyo wewe. Wewe huongei hivyo." Tangu hapo hakupokea simu yake.

Novemba gari la matangazo likarudi mnadani. Sauti ya Emelyne ikatoka kwenye spika, sijalipwa na mtu, jogoo akawika, na vijana wakasogea. Kwenye foleni yao alimwona mama Lidia, kakunja noti kiganjani. Hakuwa na mbegu nyingine ya kupanda. Emelyne akamfuata, akapiga goti kumsalimia.

"Mama, hiyo usiipande bila mbolea ya mbuzi," alisema.

Gaudiose alimtazama bila hasira, na hilo lilimuumiza Emelyne kuliko matusi.

"Mbuzi nitamtoa wapi, mwanangu?" alisema, akasogea mbele, maana zamu yake ilikuwa imefika.